Maneno 1,500 Daftarini, Ulimi Mzito: Jibu kwa Msomaji Aliyefika Herufi D

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina umri wa miaka 27 na ninafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Tangu Januari nimekuwa nikikariri kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili kuanzia herufi A, na sasa nimefika D. Kaunta buku langu lina maneno zaidi ya 1,500 pamoja na maana zake. Hata hivyo, wiki iliyopita tulikuwa na kikao cha mtandaoni na mteja wa nje, nikaelewa kama nusu tu ya yaliyosemwa, na nilipotakiwa kujibu maneno yote yalinikimbia. Je, kumbukumbu yangu ni mbovu? Ni maneno mangapi yanatosha, na niyapate kwa njia gani?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kufika D, kwa sababu wengi wanaoianza safari hiyo hawamalizi hata A. Nianze na swali lako la kwanza, maana naona ndilo linalokuumiza zaidi. Katika maelezo yako sioni dalili yoyote ya kumbukumbu mbovu. Ninachokiona ni makosa mawili ya mbinu: maneno uliyajaza bila kuyachagua, na mazoezi umeyafanya kwa upande mmoja tu. Kwa miezi kadhaa umekuwa ukiyaingiza maneno kichwani, lakini hukuwahi kujizoeza kuyatoa; na kikao cha wiki iliyopita hakikutaka jambo jingine lolote isipokuwa kuyatoa, tena kwa haraka.

Kuna jaribio ambalo huwasimulia wanafunzi wangu karibu kila muhula, kwa kuwa lilitumia lugha yetu wenyewe. Mwaka 2008 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu walijifunza jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, kwa mfano “mashua” na “boat”. Wote walijifunza mpaka kila neno likawa limekumbukwa angalau mara moja. Tofauti ilikuwa katika kilichofuata. Baadhi yao waliendelea kuulizwa maneno yote, hata yale waliyokwisha kuyapatia. Wengine waliendelea kuyasoma tena na tena bila kuulizwa yale waliyokwisha kuyapatia. Baada ya wiki moja, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno, ilhali wale waliosoma tu bila kuulizwa walikumbuka zaidi kidogo ya theluthi. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba wanafunzi wenyewe hawakuihisi tofauti hiyo: walipotakiwa kutabiri, makundi yote yalidhani yangekumbuka karibu nusu. Kusoma orodha mara nyingi humpa mtu hisia kwamba anaijua, na hisia hiyo ndiyo iliyokudanganya wewe pia kila ulipofungua kaunta buku lako ukaona maneno unayoyatambua.

Dawa yake ni rahisi, ingawa si tamu. Ficha safu ya Kiingereza kwa karatasi, soma neno la Kiswahili, kisha litamke neno la Kiingereza kwa sauti kabla hujalitazama. Ukishindwa, vumilia kwa sekunde kadhaa ukilitafuta, kwa sababu kule kuhangaika kwenyewe ndiko kunakolitengenezea neno njia ya kutokea. Angalia kwamba nimesema kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Ukijizoeza kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili peke yake, utakuwa msomaji mzuri wa barua za wateja lakini utabaki bubu kikaoni. Pande zote mbili zinahitajika, lakini ule wa kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ndio mgumu, kwa hiyo upewe muda mwingi zaidi.

Marudio nayo yawe na nafasi kati yake. Tangu mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejitumia mwenyewe kama mtu wa majaribio, alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi kubwa katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku mbalimbali hufanya kazi kuliko marudio mengi ya kikao kimoja. Kwa hiyo neno la leo liulizwe usiku huohuo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, halafu baada ya mwezi. Mwandishi Sebastian Leitner alieneza katika miaka ya 1970 utaratibu ambao unaweza kuutengeneza kwa boksi la viatu: unakata kadi ndogo za manila, neno moja kila kadi, na unagawa boksi katika vyumba vitano. Kadi uliyoipatia husogea chumba cha mbele, ambako huulizwa kwa nadra. Uliyoikosea hurudi chumba cha kwanza, ambako huulizwa kila siku. Programu za simu kama Anki hufanya hesabu hiyohiyo kwa niaba yako, na ukiwa kwenye daladala simu ni rahisi kushika kuliko boksi. Mimi binafsi bado napendelea kadi za mkono kwa wanaoanza, kwa sababu kuziandika ni sehemu ya kujifunza, lakini sitagombana na mtu juu ya hilo.

Sasa nije kwenye maneno yenyewe, na hapa ndipo nina ugomvi na kamusi yako. Kamusi hupanga maneno kwa alfabeti ili yatafutwe kwa urahisi, wala haikuyapanga hivyo ili yafunzwe kwa mfuatano huo. Kutoka A mpaka D umekutana na “abacus” na “aberration”, maneno ambayo Mwingereza anaweza kumaliza mwezi mzima bila kuyatamka, lakini kwa mpango wako hujafika kwenye “get”, “keep”, “set”, “take” na “way”, ambayo hayapotei mdomoni mwake kwa dakika tano. Utaniambia kwamba hayo unayajua tangu shule, nami nitakuonyesha hivi punde kwamba unayajua nusu. Alfabeti ina hasara nyingine isiyosemwa sana: hukuletea kwa pamoja maneno yanayofanana sura, kama “adapt” na “adopt”, au “complement” na “compliment”. Maneno yanayofanana kwa umbo au kwa maana, yakifundishwa siku moja, huchanganyikana. Ndiyo maana simshauri mtu ajifunze “left” na “right” kwa mara ya kwanza katika somo moja, wala rangi zote kumi kwa mkupuo mmoja, ingawa vitabu vingi vya shule hupenda kufanya hivyo. Jifunze moja, likae, kisha mlete mwenzake.

Kuhusu idadi, zipo takwimu zinazoweza kukuongoza. Mwaka 1953 Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefundisha miaka mingi huko Bengal, alichapisha orodha ya maneno takriban 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza, na imeonekana kwamba maneno hayo pamoja na vinyambuliko vyake hubeba karibu maneno manne kati ya kila matano katika maandishi ya kawaida. Mwaka 2006 Paul Nation wa Chuo Kikuu cha Victoria kilichoko Wellington, New Zealand, alikadiria kwamba ili mtu asome gazeti au riwaya bila msaada anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, na ili afuate mazungumzo anahitaji 6,000 hadi 7,000. Kipimo chake kilikuwa kikali: alitaka msomaji ayajue maneno 98 katika kila 100, yaani akutane na neno geni moja tu katika kila maneno 50. Zisikutishe hizo namba. Familia moja ya neno ni kama ukoo wetu wa “lima”, ambamo “mkulima”, “kilimo”, “limika” na “limisha” humfuata mzazi wao bila gharama kubwa. Kiingereza nacho, ukishalijua “develop”, hukupa “developer”, “development” na “undeveloped” kwa bei ya kujifunza viambishi vichache. Mswahili hapaswi kuviogopa viambishi. Amevinyonya pamoja na maziwa ya mama.

Kwa hiyo lengo lako la kwanza liwe zile 2,000 za mwanzo, na uzijue kwa kuzitumia, si kwa kuzitambua tu. Lengo la pili liwe maneno ya kazi yako, hata kama hayamo katika orodha yoyote ya maneno ya kawaida, kwa sababu neno la nadra kwa watu wengine linaweza kuwa la kila siku kwako. Tozo ya kuchelewesha kontena bandarini huitwa “demurrage”. Mwalimu wa shule anaweza kustaafu bila kulihitaji neno hilo, lakini wewe ulilihitaji wiki iliyopita. Chukua barua pepe za wateja za miezi mitatu, ankara, hati za shehena na matangazo ya meli, kisha tia alama maneno yanayojirudia. Hiyo ndiyo kamusi yako halisi, na hakuna mtu mwingine anayeweza kukuandikia. Ukijifunza maneno manane kwa siku, siku sita kwa wiki, utakuwa umepitia karibu 2,500 kwa mwaka. Baadhi yatapotea, na hilo ni jambo la kawaida.

Nilisema unayajua nusu maneno kama “take” na “get”, na sasa nitoe ushahidi. Tafakari kitenzi chetu “kupiga”. Sisi hupiga simu, hupiga picha, hupiga pasi, hupiga mswaki na hupiga kura, na hakuna anayeumizwa. Mtoto wa Kiswahili hakufundishwa kwamba “piga” ina maana tano. Alikisikia kitenzi kikiwa na rafiki zake, akawachukua wote kwa pamoja. Mwanafunzi anayejua kwamba “beat” ni “piga” na akaishia hapo ataandika sentensi ambayo Mwingereza ataielewa kama kuichapa picha viboko. Kwa Kiingereza watu husema “take a picture” na “make a call”; mswaki hauna kitenzi cha kusaidia, kwa maana “brush” yenyewe hutosha, na pasi kadhalika hujitosheleza kwa “iron”. Kwa hiyo kwenye kadi yako usiandike neno peke yake. Andika neno na jirani yake: “issue an invoice” kwa kutoa ankara, “pay duty” kwa kulipa ushuru, “meet a deadline” kwa kuwahi tarehe ya mwisho. Tena “duty” huyohuyo ni wajibu, ni zamu ya kazi, na ni ushuru. Jirani zake ndio wanaokuambia leo amekuja na kazi gani.

Mipaka ya maneno nayo haifanani baina ya lugha hizi mbili, na safu ya “maana” katika kaunta buku lako huificha tofauti hiyo. Sisi tunatenganisha mpunga wa shambani, mchele wa guniani na wali wa sahanini. Kiingereza huita vyote “rice” na kwenda zake. Sisi tunaosha vyombo, tunafua nguo, tunanawa mikono na tunaosha gari, na Kiingereza kinatosheka na “wash” kwa kazi zote hizo. Kwa upande mwingine, mkono wetu mmoja kwao ni “arm” na “hand”, mguu ni “leg” na “foot”, na kidole hubadilika jina kinaposhuka mguuni. Sisi husikia sauti, husikia baridi na husikia harufu; wao wana “hear”, “feel” na “smell”, kila moja na mlango wake. Kosa ninalokutana nalo zaidi kwa watu wazima ni lile la kuazima: kwa Kiswahili “nimemwazima kalamu” inaweza kuwa nimepewa au nimetoa, kutegemea mahali na mazungumzo, lakini Kiingereza humtaka anayechukua aseme “borrow” na anayetoa aseme “lend”. Hapa kumbuka “kukopa” na “kukopesha”, utaipata tofauti bila jasho. Ukiona neno la Kiingereza lina maana mbili za Kiswahili, au neno la Kiswahili limegawanyika vipande viwili upande wa pili, simama hapo na uandike sentensi mbili. Dakika utakayoitumia itakuokoa aibu ya miaka.

Yapo maneno ambayo unayo tayari, na hayo yatakupa moyo. Sukari na “sugar”, kahawa na “coffee”, sifuri na “zero” ni ndugu kweli, kwa kuwa sisi na Wazungu, kila mmoja kwa njia yake, tuliyapokea kutoka Kiarabu. Lakini yale tuliyoyachukua kutoka Kiingereza chenyewe yaangalie kwa jicho la pili, maana mengi yamehama na kubadili kazi. Trafiki wetu ni askari wa barabarani. “Traffic” yao ni msongamano au mwendo wa magari. Hotelini kwetu mtu huingia kula chapati na maharage akatoka. “Hotel” yao ni mahali pa kulala. Miaka mingi iliyopita nilimwelekeza mgeni kwa simu kwamba akifika “keep left” ageuke, nikiwa na uhakika kabisa kwamba kipilefti ni Kiingereza safi, naye kwa adabu kubwa akaendelea kushika upande wa kushoto wa barabara mpaka akapotea. Nilichopaswa kumwambia ni “roundabout”.

Kikao kilikushinda kwa sababu nyingine tena, nayo ni sikio. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na mkazo wake hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo aliyeliona neno amelisikia. Kiingereza hakina uaminifu huo. Umeandika “debt” daftarini ukadhani lina herufi b inayosikika, kisha mteja akatamka neno lisilokuwa na b yoyote, na wewe ukaona amesema jambo geni. Mkazo wa “photograph” uko mwanzoni, lakini katika “photographer” unahamia silabi ya pili, na neno zima hubadilika sauti. Irabu zetu tano haziwezi kutenganisha “ship” na “sheep” bila mafunzo, na mtu wa bandarini hawezi kumudu kosa hilo. Kila kadi mpya, kabla ya kuingia boksini, sikiliza matamshi yake kwenye kamusi ya mtandaoni, uyaige kwa sauti mara tatu, kisha uweke alama juu ya silabi yenye mkazo. Neno ambalo hujawahi kulisikia lihesabu kuwa hujalijua.

Kwa maneno yanayokataa kata kata kukaa, kuna hila iliyojaribiwa huko Chuo Kikuu cha Stanford na Richard Atkinson na Michael Raugh, waliyoichapisha mwaka 1975: tafuta neno la lugha yako lenye sauti inayokaribiana, kisha uyaunganishe mawili hayo kwa picha. “Kneel” ni kupiga magoti, na sauti yake iko karibu na mto Nili. Mwone basi mtu aliyepiga magoti ukingoni mwa Nili, na k ile isiyotamkwa imezama majini. Ni hila ya kitoto, lakini hufanya kazi. Usiitumie kwa kila neno, maana utachoka kabla ya kufika mbali.

Kadi peke yake hazitoshi, kwani neno hukomaa likikutwa mahali tofauti, katika sentensi za watu wengine. Asubuhi soma habari moja katika Habari Leo, kisha utafute habari hiyohiyo katika Daily News. Ukishajua kilichotokea, maneno mageni hujieleza yenyewe, na utashangaa kuona mengi huhitaji kuyatafuta. Hakikisha tu kwamba unachokisoma hakikuzidi sana. Ukikuta maneno mageni matano katika kila mstari, hilo si zoezi la kusoma tena bali ni adhabu, na ni vyema kurudi kwenye vitabu vilivyorahisishwa kwa wanafunzi bila kuona haya.

Lile kaunta buku usilitupe. Jumamosi hii lifanyie ukaguzi: ficha Kiingereza, pitia ukurasa kwa ukurasa, na maneno uliyoweza kuyatamka yatie alama ya vema. Uliyoshindwa lakini umewahi kuyaona kazini au gazetini yahamishie kwenye kadi, kila moja na jirani yake. Ambayo hujawahi kukutana nayo popote isipokuwa kwenye kamusi yakate kwa penseli, na usirudi kuanza herufi E.

Kwa kikao kijacho, andika mapema sentensi kumi ambazo una hakika utazihitaji, uzisome kwa sauti ukiwa umesimama mpaka ziache kukwama. Na neno likikukimbia katikati ya mazungumzo, usinyamaze ukilisaka; lizunguke. Zipo kamusi za wanafunzi wa Kiingereza ambazo hufafanua makumi ya maelfu ya maneno kwa kutumia maneno 2,000 tu ya kawaida, na wewe unaweza kufanya vivyo hivyo. Ukisahau “demurrage”, sema “the money we pay when the container stays too long at the port”. Mteja atalitaja neno lenyewe, nawe utaliandika kwenye kadi.